Refa anayeomba ruhusa kwa wachezaji

Wenzangu, mjadala wa pesa za kampeni ukianza tu, mtu husema: "Tuunde tume huru, basi." Haya, tuiunde. Sheria yake itapitishwa na nani?

Tuchukue jiji la New York. Lina bodi ya fedha za kampeni tangu 1988. Siku hizi, mkaazi akimchangia dola 10 mgombea aliyejiunga na mpango wake na kutimiza masharti, bodi humwongezea dola 80 za umma. Bodi hiyo hiyo hukagua hesabu na kutoza faini. Lakini sheria inayoiongoza hurekebishwa na baraza la jiji, yaani walewale inaowakagua!

Kwa hivyo lazima awepo mtu wa bodi wa kuzungumza na baraza. Asome miswada, aende vikaoni, aeleze kifungu fulani kitafungua mwanya gani. Kazi ngumu hiyo. Kumweleza mjumbe mswada ni sawa. Akianza kuulizia faini yake pale koridoni, mazungumzo yaishe hapo.

Kinachoisaidia bodi ni katiba ya jiji: meya anaweza kutoa maoni kuhusu makadirio yake, ila lazima ayaweke kwenye bajeti anayopendekeza bila kuyabadilisha.

Na sisi je? Sheria yetu ni ya 2013. Bunge liliisimamisha hadi uchaguzi wa 2017 upite. Mwaka 2021 tume ikatangaza viwango vya matumizi, wabunge wakazikataa kanuni. Tukaingia 2022 bila kikomo.