Kustaafu Kazi Si Kustaafu Mwili



Sheria yetu humruhusu mtumishi wa umma kustaafu kwa hiari atimizapo miaka 55, na humlazimu atimizapo 60. Tunazungumza mno juu ya kiinua mgongo. Juu ya mgongo wenyewe tumenyamaza.

Mwalimu wangu wa shule ya msingi alikwenda kazini kwa miguu miaka yote ya utumishi wake. Alipostaafu, alikaa barazani kutwa. Haukupita muda akawa hainuki bila kushikwa mkono. Pensheni yake haikuweza kumrudishia magoti.

Misuli huanza kupungua mtu angali katika miaka ya thelathini, yaani umri wangu mimi ninayesema. Basi matayarisho hayangoji barua ya kustaafu. Shirika la Afya Duniani hushauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wazee waongeze mazoezi ya nguvu na ya kuzuia kuanguka. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano, hutimiza kiasi hicho. Na jembe nalo linahesabika.

Akili pia isipewe likizo. Mwalimu Nyerere, aliyetembea kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka 1967, aling'atuka urais mwaka 1985 akarudi kijijini kulima. Na akiwa amepita miaka 70 alikuwa bado akitunga tenzi.

Ndugu zangu, vijana watahitaji ushauri wenu hata baada ya kuweka chaki chini. Tuanze leo jioni kurudi nyumbani kwa miguu.