Kikombe cha methadoni na kodi yako

Msikilizaji, tangu Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ifungue kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka 2011, lalamiko ni lile lile: kwa nini kodi yangu imtibu teja, wakati mama yangu anaandikiwa dawa akanunue nje?

Uchungu wa mama ni halali kabisa. Lakini si teja aliyemnyima dawa. Kwa miaka mingi huduma ya methadoni ilibebwa kwa sehemu kubwa na walipa kodi wa Marekani, kupitia PEPFAR, mpango wao wa kupambana na UKIMWI. Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada, ndipo wengi walipong'amua bili ilikuwa ikienda kwa nani.

Sasa zamu inatujia. Na ile hoja ya "kajitakia" haisimami: hospitali zetu humshona dereva aliyepinduka akiwa amelewa, wala hakuna anayedai afukuzwe wodini. Labda kwa sababu amevaa shati safi.

Isitoshe, teja naye analipa kodi. Akinunua sabuni dukani, VAT ya asilimia 18 haimuulizi anatoka kijiwe gani.

Methadoni kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Anayeikosa ni rahisi kurudi kwenye heroini, na kwa wengine hiyo ni sindano ya kuchangia, pamoja na virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Na huenda nyumbani ana mke, ambaye naye anaweza kuambukizwa.

Bunge litenge fungu la kliniki hizi kutoka hazina yetu, na kiasi kitajwe hadharani, ili hata anayelipinga ajue anapinga shilingi ngapi.