Karatasi gani tuchunge, gani tutupe

Hotuba mbele ya wanachama, Kadutu



Tumeombwa tuseme juu ya makaratasi ya nyumbani. Mtu anaweza kuuliza: njaa iko, vita iko, na ninyi mnatuletea habari ya karatasi? Ana haki ya kuuliza. Lakini sisi tunaopita nyumba kwa nyumba tunaona hivi: ugomvi wa parseli, wa urithi, wa mtoto anayekataliwa, mara nyingi unafika kwa swali moja: "Karatasi iko wapi?"

Na hapa Kadutu karatasi haiishi miaka mingi. Nyumba za mbao zimebanana, moto ukishika moja unapita kwa jirani. Mvua kali ikinyesha, udongo unateremka pamoja na nyumba. Ongezeni mikimbio ya 1996, 1998, 2004 na 2025. Tuyagawe basi mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni ya kuchunga maisha yote. Cheti cha kuzaliwa: mtoto anaandikishwa komini ndani ya siku 90, zikipita, inahitajika hukumu ya tribunali, na hiyo inakula muda na makuta. Cheti cha ndoa: Sheria ya Familia ya 1987 inamhesabu mjane kati ya warithi, lakini bila cheti, ndugu za marehemu wanaweza kumwambia, "Wewe hukuwa bibi yake." Cheti cha kifo, diploma, na karte ya uchaguzi ambayo wengi wetu tunaitumia kama kitambulisho. Kisha parseli. Hati ya mauzo yenye sahihi za mashahidi ichungwe sana, ila tusidanganyane: kwa sheria ya Julai 1973 udongo ni wa Serikali, na haki ya mwenye parseli inathibitishwa na sertifika danrejistrema. Hati ya mauzo ni mwanzo wa njia, haijawa mwisho.

Fungu la pili ndilo linatuhusu sisi tuliorudi. Wengi wakishavuka kutoka Nyarugusu au Burundi wanasema, "Ukimbizi umekwisha, tuchome hizi." Hapana! Karatasi ya kurudi kwa hiari, cheti cha mtoto aliyezaliwa kambini, bulteni za shule ya kule: chungeni zote. Sheria ya uraia ya 2004 inasema mtoto ambaye baba au mama yake ni Mkongomani, naye ni Mkongomani, hata akizaliwa mbali. Lakini nani ataonyesha kwamba huyu mtoto ni wa huyu mama? Hata karte ya posho iliyoandikwa majina ya nyumba nzima inaweza kusaidia, kwa kuwa inaonyesha mlikuwa pamoja.

Fungu la tatu ni ya kutupa: jeton za foleni zilizopita, matangazo, fotokopi zisizosomeka, faktire za zamani za SNEL na REGIDESO. Faktire za karibuni bakisheni pamoja na ushahidi wa malipo. Zinaonyesha pia kwamba mnakaa pale. Lakini kabla ya kutupa, pasueni au chomeni. Sokoni karanga zinafungwa kwa karatasi za watu, na jina lako na namba yako vinatembea mjini.

Yanayobaki yaingie kwa mfuko mmoja wa plastiki, mahali ambapo hata mtoto mkubwa anapajua. Fotokopi moja iwe kwa ndugu anayekaa kartie ingine. Moto hauwezi kuunguza nyumba mbili zenye mlima kati yao. Asili isiwekwe rehani kwa deni. Na isitolewe kwa mtu wa shirika, hata kama mtu huyo ni sisi: mtupe fotokopi.

Wafadhili wetu, mahema na unga vinaonekana kwa picha. Fotokopi na gharama ya hukumu ya mtoto hazionekani, lakini unga unaisha kwa mwezi, na cheti kinamfuata mtoto mpaka uzee. Muweke na hiyo kwa bajeti.

Wanachama, mkutano ujao kila nyumba ije na mfuko wake. Tutakaa, tutachagua pamoja. Asiyejua kusoma asione haya. Tutamsomea karatasi moja moja, na yeye mwenyewe ndiye atasema ipi inabaki.