Sanaa: Safari ya Kwenda Tusikokujua

(Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu)



Sisi watu wa duka tumezoea kujua bei kabla ya kununua. Msanii hana ankara ya namna hiyo. Huondoka akijua alipo, asijue aendako.

Tulitafakari hekalu la Kailasa huko Ellora, jimbo la Maharashtra nchini India, linalohusishwa na Mfalme Krishna wa Kwanza wa ukoo wa Rashtrakuta, karne ya 8. Halikujengwa kwa kupanga jiwe juu ya jiwe. Mafundi walipanda juu ya jabali, wakachimba mahandaki kuuzunguka mwamba, kisha wakachonga wakishuka. Kilele kilitangulia, msingi ukaja mwisho. Tembo, nguzo na sanamu zote zilikuwamo ndani ya jiwe, wala hakuna aliyeziona ila kwa jicho la moyo. Na kipande kikishakatwa, hakirudi.

Hatuna haja ya kuvuka bahari kuliona jambo hili. Mchongaji wa Kimakonde hulikabili gogo la mpingo vivyo hivyo. Weusi wake umefichwa na tabaka jeupe; ufa nao huweza kujitokeza katikati ya kazi, naye hulifuata gogo linakompeleka. Katika mtindo uitwao ujamaa, watu wengi hubebana, wote wametoka katika gogo moja.

Kwa nini tunayasema haya leo? Kwa sababu kijana akituonyesha mchoro wake, swali letu la kwanza huwa: utakulipa nini? Swali hilo si baya, kwani familia hula kwa hesabu. Lakini likitangulia daima, tutapata warithi wa maduka, tusipate wa kutuchongea hekalu la kesho.

Kule Ellora, mahekalu ya Wabudha, Wahindu na Wajaini yamechongwa katika safu moja ya jabali, jirani kwa jirani. Basi tunawaomba wadhamini: ukuta wa nyuma wa ukumbi wetu, ambao bado ni mweupe, wakabidhiwe vijana wetu pamoja na vijana wa majirani, wauchore. Rangi na brashi tutazigharimia sisi wenye maduka. Nasi tusiwaulize mapema utakuwaje.