Kikwazo cha Mlimani

Twamhimidi Mwenyezi Mungu, Muumba wa ardhi na milima iliyo thabiti. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, tangu Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa mwaka 1963, vijana wengi wa nchi yetu wamepitia mafunzo ya vikwazo: kuparamia ukuta, kuruka handaki, kutambaa matopeni. Vikwazo hivyo hujengwa kwa makusudi, ili mwili upate nguvu na moyo upate ujasiri. Na ukuta mrefu huwa mwepesi pale aliye juu anapompa mkono aliye chini.

Hapa kwetu Bumbuli, katika milima ya Usambara, njia zetu zenyewe ni mafunzo. Mvua za masika zinyeshapo, udongo huteleza. Mama hupanda na mzigo wa kuni, mwanafunzi hushuka bondeni kwenda shule, na mgonjwa pengine huchukuliwa kwa machela mpaka barabarani.

Katika Suratul Balad, sura ya 90, Mwenyezi Mungu ametaja njia ngumu ya mlimani, al-aqaba. Hakuieleza kwa urefu wake wala kwa nguvu za miguu. Ametufahamisha kuwa kuikwea ni kumkomboa mtumwa, na kumlisha siku ya njaa yatima aliye jamaa au masikini hohehahe. Kisha kuwa miongoni mwa waumini wanaousiana subira na huruma.

Basi tuzingatie. Mtu aweza kwenda kwa miguu kutoka Soni mpaka Bumbuli asitwete, naye akashindwa kuvuka kizingiti cha jirani yake mjane. Kilichomshinda si mlima, ni choyo.

Tena tujihadhari tusiwe sisi ndio vikwazo: kwa kusogeza mpaka wa shamba, kuziba mfereji wa maji, au kula mali ya yatima. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Itakuwaje basi hali ya mwenye kuuweka?

Leo, tukitoka msikitini, kila nyumba imtazame aliyekwama chini ya mlima: mtoto aliyekosa daftari, mzee aliyekosa wa kumtekea maji. Tumpe mkono.

Ewe Mola wetu, tuwezeshe kuikwea njia hiyo, wala usitujaalie kuwa kikwazo kwa waja wako. Amin.