Moshi wa Mashine ya Kusaga Unasema Nini?

(Mazungumzo na kamati za mashine za kusaga na wahitimu wa kisomo)



Leo tuzungumze juu ya moshi. Mashine ya kusaga ya dizeli ni mali kubwa kijijini. Wengi tumeinunua kwa michango na kwa mkopo. Injini ikifa, mkopo haufi. Na kina mama wanarudia kubeba debe kichwani mpaka kijiji cha pili. Kwa hiyo injini hii tuichunge kama ng'ombe wa maziwa. Mchungaji mzuri hangoji ng'ombe aanguke. Hutazama macho yake, manyoya yake na kinyesi chake. Injini nayo ina kinyesi chake. Ndiyo huo moshi.

INJINI INAKULA NINI?

Ukimwuliza mtu injini inakula nini, atajibu: dizeli. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya jibu. Injini inakula dizeli na hewa, tena hewa inakula zaidi.

Kilo 1 ya dizeli inahitaji kilo 14 na nusu hivi za hewa ili iungue yote. Ukipima kwa lita, lita 1 ya dizeli inahitaji lita 10,000 hivi za hewa ya pwani. Pipa la dizeli lina lita 200. Haya, gawanyeni 10,000 kwa 200. Ni 50! Lita moja ya dizeli, mapipa 50 ya hewa. Na hicho ni kiasi cha chini kabisa. Injini ya dizeli hutaka hewa zaidi ya hiyo, kwa sababu muda wa dizeli na hewa kuchanganyika ndani ya silinda ni mfupi mno.

Jambo hili kina mama wanalijua jikoni. Ukishindilia kuni nyingi kwenye mafiga, moto haukui. Unapata moshi, na sufuria inakuwa nyeusi. Kuni zipo, lakini hewa haina pa kupita.

Sasa tuelewe jambo moja, maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Injini ya mashine ya kusaga huzunguka kwa mwendo uleule. Kila mzunguko inavuta hewa kiasi kilekile. Ukimimina mahindi mengi, kinu kinakuwa kizito. Hapo gavana ya injini inaongeza dizeli ili mwendo usishuke. Dizeli imeongezeka, lakini hewa ni ileile. Mahindi yakizidi, dizeli inakosa hewa ya kuungua nayo. Ile isiyoungua vizuri inatoka nje kama masizi. Ni fedha yetu hiyo inapaa angani.

RANGI ZA MOSHI

Injini nzima ikiwa na joto lake, moshi wake hauonekani sana. Ukionekana, tutazame rangi.

Moshi mweusi: dizeli imezidi au hewa imepungua.

Moshi wa buluu: injini inaunguza oili. Huenda ringi za pistoni zimelika, au oili imejazwa kupita alama.

Moshi mweupe: dizeli inatoka bila kuungua. Asubuhi ya baridi, injini inapowashwa, si ajabu. Ukiendelea baada ya injini kupata joto, mwiteni fundi. Na kama maji ya kupozea yanapungua kila siku, huenda yanaingia kwenye silinda. Zimeni injini kwanza.

MOSHI MWEUSI: TUANZIE WAPI?

Watu wengi wakiona moshi mweusi hukimbilia pampu na nozeli. Tusianzie huko. Tuanze na vitu visivyo na gharama.

Kwanza, mahindi. Punguzeni kasi ya kumimina. Moshi ukikoma, injini haina kosa. Ilikuwa imebebeshwa mno.

Pili, kinu. Nyundo zilizolika na chekeche lililoziba hufanya injini itumie nguvu nyingi kusaga debe lilelile.

Tatu, chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eaklina. Adui yake mkubwa ni vumbi la unga. Kama chujio limo ndani ya chumba cha kusagia, unga unaliziba haraka. Kama ni la bakuli la oili, zimeni injini, mwageni oili chafu, safisheni bakuli, tieni oili safi mpaka kwenye alama. Msipitishe alama, maana injini inaweza kuivuta hiyo oili na kuzunguka ovyo bila kuzimika. Kama chujio ni la karatasi, likung'uteni polepole. Msilioshe kwa petroli wala kwa maji. Likizeeka, nunueni jipya.

Wako wanaosema: "Tulitoe kabisa, injini ipumue!" Hapana, ndugu zangu. Vumbi ni mchanga. Likiingia kwenye silinda linasaga chuma kama msasa. Mtaokoa bei ya chujio, mtalipa bei ya pistoni.

Nne, bomba la moshi. Lisizibe, na lielekezwe nje, mbali na mahali injini inapovutia hewa. Injini inayovuta moshi wake yenyewe inakosa hewa safi. Tena moshi wa injini una gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Inaua watu waliofungiwa nayo chumbani.

Mkishapita hapo na moshi bado mweusi, ndipo mwiteni fundi atazame nozeli na pampu.

WENZETU WA MILIMANI

Hewa ya milimani ni nyepesi. Pale penye kimo cha mita 2,000, kama sehemu za Njombe, hewa imepungua kama sehemu moja kati ya tano kuliko ya pwani. Injini iliyofanya kazi vizuri Tanga ikipelekwa Njombe inaweza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Haikuugua. Imekosa hewa. Dawa yake ni kumimina mahindi kidogo kidogo, na fundi anayejua kazi yake kupunguza dizeli kwenye pampu.

WENGINE WANAPIMAJE?

Injini nyingi za malori zina turbo. Ni kama mvukuto wa mhunzi, ila unazungushwa na nguvu ya moshi wa injini yenyewe, nao unasukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Alfred Büchi wa Uswisi alipata hati ya ubunifu huo mwaka 1905. Hewa ikiongezeka, dizeli nayo inaweza kuongezwa bila moshi mweusi.

Huko Kanada na Marekani, wakati wa baridi, watu husafiri juu ya theluji kwa chombo mfano wa pikipiki. Hakina magurudumu. Mbele kina mabapa ya kutelezea, nyuma mkanda mpana. Kinatumia petroli, na wengine hukifungia turbo. Hao hawangoji kuona moshi. Hutia kwenye bomba kifaa kinachopima oksijeni, na mbele ya dereva kuna saa yenye namba. Namba 14.7 maana yake hewa kilo 14.7 kwa petroli kilo 1. Dereva akikimbia kwa nguvu zote hutaka namba iwe 12 hivi, ili petroli izidi kidogo na kupunguza joto. Namba ikipanda wakati huo, pistoni yaweza kutoboka.

Kwa dizeli ni kinyume. Dizeli ikizidi ndipo joto linapozidi. Kwa hiyo mtu akitaka kufungua skrubu ya pampu iliyotiwa lakiri, eti awaongezee nguvu, mkataeni. Nguvu hiyo ni ya siku chache, na pistoni ndiyo itakayolipa.

SAA YETU NI DAFTARI

Sisi hatuna saa ile ya namba. Lakini tuna macho, na tunajua kuandika na kuhesabu. Kila siku mwendesha mashine aandike mambo manne: tarehe, lita za dizeli, madebe yaliyosagwa, na rangi ya moshi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Wiki ya kwanza mmesaga madebe 120 kwa lita 12. Gawanya: madebe 10 kwa kila lita. Wiki ya tano mmesaga madebe 120 kwa lita 15. Gawanya: madebe 8 kwa kila lita. Mahindi ni yaleyale, lakini lita 3 zimezidi. Zimekwenda wapi? Labda kuna chujio lililoziba. Labda nyundo zimelika. Labda bomba la dizeli linavuja, au kuna mtu anachota dizeli usiku. Daftari halimtaji mwizi, lakini linawaambia wanakamati: amkeni, tazameni.

Ndugu zangu, tulijifunza kusoma na kuandika si kwa ajili ya cheti cha kutundika ukutani. Kazi yake ndiyo hii.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mashine yenu inavutia hewa wapi? Kuna vumbi la unga mahali hapo?
2. Chujio la hewa lilisafishwa lini, na nani anajua?
3. Wiki iliyopita mlisaga madebe mangapi kwa kila lita?
4. Nani ataandika daftari, na nani atalikagua kila mwisho wa wiki?