Mpira Mmoja, Shimo Moja: Mazoezi ya Swingi na Mchezo wa Kuzunguka Grini

Katika klabu nyingi za gofu Afrika Mashariki, mazoezi ya mwanachama yana sura moja. Ananunua ndoo ya mipira, anachomoa draiva, anapiga kuelekea upande ule ule mpaka ndoo iishe, kisha anakwenda kupumzika kivulini akiwa ametokwa jasho na kuridhika. Jumamosi anaingia uwanjani na kurudi na idadi ile ile ya mikwaju. Analaumu fimbo, anaagiza nyingine. Mada hii, iliyoandaliwa kwa ajili ya walimu wa klabu, makedi na wachezaji wa ridhaa, inadai kwamba chanzo ni mazoezi yenyewe: hayafanani na mchezo.

Uwanjani hakuna mpira wa pili. Mchezaji anapiga draiva, anatembea, anapiga namba 7, anatembea tena, anauchomoa mpira kwenye nyasi ndefu, ndipo anausukuma kwenye grini. Kila mara fimbo ni nyingine, umbali ni mwingine, na mpira umelala vingine. Anayepiga namba 7 mara 50 mfululizo anauzoesha mwili jambo ambalo shindano halitamdai hata mara moja.

Watafiti wa namna mwili unavyojifunza walilibaini hili zamani. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walichapisha jaribio ambalo walimu wa michezo wanalitaja hadi leo. Watu walifundishwa miondoko mitatu ya mkono ya kuangusha vibao vidogo. Kundi moja lilirudia mwondoko mmoja mpaka ukaisha ndipo likaanza mwingine. Kundi la pili lilichanganyiwa yote mitatu bila mpangilio. Wakati wa mazoezi, waliorudia ndio walioonekana hodari. Walipopimwa baada ya siku 10, waliochanganyiwa ndio waliokuwa wameshika zaidi. Mwalimu anayepima kazi yake kwa mipira mizuri ya mwisho wa ndoo anapima kitu ambacho kesho asubuhi hakitakuwapo.

Makedi walilijua jambo hili bila maabara. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza kwa kubeba mifuko ya wengine, na walicheza siku waliyoruhusiwa kwa fimbo ya kuazima na mpira wa kuokota. Mpira huo ukipotea, mchezo umeisha. Hivyo kila mkwaju ulikuwa na gharama. Severiano Ballesteros, aliyezaliwa 1957 katika kijiji cha Pedreña, kaskazini mwa Hispania, alikulia katika mazingira kama hayo: alikuwa kedi, na alijifunzia ufukweni kwa fimbo moja ya chuma, namba 3. Fimbo hiyo ni ya masafa marefu. Kuinua mpira kwa upole kwa kutumia namba 3 ni kazi ngumu, na ilimbidi ajifunze kuufungua uso wa fimbo, kuulaza mkono na kuhisi uzito wa kichwa cha fimbo. Mwaka 1978 alishinda mashindano ya wazi ya Kenya. Mwaka uliofuata alishinda mashindano ya wazi ya Uingereza pale Royal Lytham, ambako mpira wake wa kwanza katika shimo la 16 uliangukia kwenye maegesho ya magari, na bado akalimaliza shimo hilo kwa mkwaju mmoja chini ya kiwango.

Kuna ubishi wa miaka mingi kuhusu lipi litangulie, swingi kubwa au mchezo wa karibu. Dave Pelz, mwanafizikia aliyewahi kufanya kazi NASA kabla ya kugeukia kufundisha gofu, alijenga jina lake kwa kusisitiza mikwaju ya ndani ya yadi 100. Baadaye Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alichambua kumbukumbu za mikwaju mingi mno ya wachezaji wa kulipwa na kuandika, katika kitabu chake cha mwaka 2014, kwamba takriban theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji bora na wa kawaida hutokana na mikwaju ya nje ya umbali huo. Basi tusiwaambie wanafunzi wetu kwamba draiva ni pambo. Hata hivyo, theluthi iliyobaki ndiyo inayopatikana kwa bei nafuu kuliko zote. Haidai misuli, haidai ndoo ya mipira, na mzee wa miaka 70 anaweza kuipata sawa na kijana wa miaka 15. Mtu mwenye saa moja ya mazoezi kwa wiki atenge robo saa kwa swingi na muda uliobaki autumie kuzunguka grini.

Zoezi la kwanza la swingi halihitaji mpira. Harvey Penick alianza kuwa kedi akiwa na miaka minane katika klabu moja huko Austin, Texas, akaja kuwa mwalimu wa klabu ile ile na kuwalea mabingwa Tom Kite na Ben Crenshaw. Katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1992 aliwashauri wanafunzi watafute kifaa cha kufyekea magugu na kukitumia kama fimbo ya gofu. Afrika Mashariki hatuna haja ya kukitafuta. Fyekeo liko kila shule na kila ua, na anayejua kulitumia tayari ana nusu ya swingi. Tazama mtu anayefyeka vizuri: hasukumi kwa mikono. Kiuno kinageuka, uzito unahamia mguu wa mbele, na bapa linapita chini kwa kasi yake kubwa pale nyasi zilipo, si kabla. Hasimamishi mkono baada ya kukata. Anauacha umalize safari. Mwalimu ampe mwanafunzi fyekeo, wengine wakae mbali, na nyasi zenyewe zitasema kama bapa lilipita sawasawa au lilichimba udongo. Kisha, bila maelezo mengi, ampe fimbo.

Zoezi la pili ni la chokaa. Mstari mweupe wa mita mbili unachorwa kwenye nyasi, mchezaji anasimama mstari ukiwa katikati ya miguu yake, anapiga bila mpira na kusogea kidogo mbele baada ya kila pigo. Kwa fimbo za chuma, kovu la udongo linatakiwa lianzie kwenye mstari au mbele yake, upande wa shabaha. Likianzia nyuma, mpira ungepigwa baada ya ardhi, na ndiyo maana wengi wanapungukiwa umbali hata wakiwa na nguvu. Hapa mwanafunzi hahitaji mwalimu wa kumwambia kosa lake. Analiona chini.

Jambo moja kuhusu maneno ya mwalimu. Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake walifundisha watu wasio na uzoefu kupiga mpira mfupi wa kuinuliwa. Walioambiwa waangalie mwendo wa fimbo walifanya vizuri zaidi kuliko walioambiwa waangalie mwendo wa mikono yao, na ubora huo ulibaki hata walipopimwa baadaye. Kocha anayepaza sauti "kiwiko! bega! goti!" kwa mtu mmoja ndani ya dakika moja anamfunga. Afadhali amwambie apite juu ya mstari.

Tukifika kando ya grini, nyasi zinaanza kuwa na sauti. Nyanda za juu za Afrika Mashariki ndizo asili ya nyasi za kikuyu, ambazo leo zimefika hadi Riviera, uwanja maarufu wa Los Angeles, na huwasumbua hata mabingwa wanaotembelea uwanja huo. Nyasi hizi zina shina nene na zinatambaa. Zikifyekwa fupi, mpira unakaa juu vizuri. Zikiachwa, zinakamata shingo ya fimbo na kuugeuza uso wake. Kibaya zaidi kwa anayeiga video za Scotland, chipu ya chini inayodundia kwenye nyasi za kikuyu kabla ya grini hunaswa na kufa hapo hapo. Mpira sharti utue juu ya grini yenyewe.

Kwa hiyo zoezi la chipu lihusu mahali pa kutua, shimo lije baadaye. Taulo linatandazwa hatua moja au mbili ndani ya ukingo wa grini. Mchezaji anachukua fimbo tatu, tuseme namba 8, weji ya kawaida na weji ya mchanga, na kuulenga mpira utue kwenye taulo kwa kila moja. Mwendo wa mikono unabaki ule ule: uzito mguu wa mbele, mikono mbele kidogo ya mpira, viganja vimetulia. Kinachobadilika ni mwendo wa mpira baada ya kutua. Namba 8 itaviringika mbali, weji ya mchanga itasimama mapema. Anachojifunza ni kuchagua fimbo kwa kutazama grini iliyobaki mbele yake. Abadilishe fimbo baada ya kila mpira, akikumbuka vile vibao vya 1979.

Mchanga unaogopwa bure. Mwaka 1932 Gene Sarazen alishinda mashindano ya wazi ya Uingereza akitumia fimbo aliyoitengeneza mwenyewe kwa kuongeza metali nyuma ya uso wake, ili tumbo la fimbo liteleze mchangani badala ya kuchimba. Kila weji ya mchanga inayouzwa leo ina tumbo hilo, na mwenye kuogopa banka mara nyingi hajawahi kuliacha lifanye kazi.

Lifanyike hivi. Kwa kidole, chora mstari mrefu mchangani. Simama mstari ukiwa mbele kidogo ya katikati ya miguu, uso wa fimbo umefunguliwa, nyayo zimezamishwa kidogo. Piga mstari, bila mpira, na umalize mkono juu. Kisha inama utazame. Alama nzuri ni ya kina kifupi, ndefu kama kiganja, na mchanga wake umerushwa nje mpaka kwenye grini. Ukiona shimo la ghafla, fimbo imechimba kwa ncha. Ukiona mstari bado upo na alama imeanzia mbele yake, mpira ungekatwa katikati na kuruka ng'ambo. Mtu akishaweza kufuta mstari mara kadhaa, mipira iwekwe sentimita tano mbele ya mstari na apige mstari ule ule, macho yakiwa kwenye mchanga. Wakati wa masika mchanga hugandamana. Siku hizo uso usifunguliwe sana, maana tumbo la fimbo litadunda na mpira utapaa kupita kiasi.

Kwenye grini hesabu ni kali. Shimo lina kipenyo cha milimita 108 na mpira milimita 42.67. Kutoka mita tatu, upotofu wa zaidi kidogo ya nyuzi moja unatosha kulikosa. Broadie alionyesha kwamba wachezaji wa kulipwa wa Marekani huingiza karibu nusu tu ya misukumo ya mita 2.4, na takriban asilimia 15 kutoka mita sita. Mwanachama wa klabu anayekasirikia kukosa mita tatu anajidhulumu. Anayekosa ya mita moja ndiye mwenye deni.

Tiger Woods anajulikana kwa zoezi la lango: tii mbili zinachomekwa pande mbili za kichwa cha fimbo ya kusukumia, zikiacha upenyo mdogo tu, na fimbo inapaswa kupita bila kuzigusa. Phil Mickelson naye huipanga mipira katika duara kulizunguka shimo, karibu sentimita 90 kutoka shimoni, na kuingiza yote, mmoja baada ya mwingine. Akikosa anaanza upya. Hapo ndipo penye thamani. Mpira wa mwisho wa duara unaufanya mkono utetemeke kama ule wa shimo la 18, na mtetemo huo haupatikani kwenye ndoo. Kwa misukumo mirefu, ushauri wa Pelz unatosha: mpira uviringishwe kwa kasi ambayo, ukilikosa shimo, utasimama kama sentimita 43 nyuma yake. Fimbo ilazwe chini kwenye umbali huo iwe ukuta.

Baada ya haya yote, mchezo. Mchezaji achague sehemu tisa kuzunguka grini: nyingine nyasi fupi, nyingine ndefu, mojawapo bankani. Mpira mmoja kwa kila sehemu, chipu kisha msukumo mpaka uingie. Kiwango ni mikwaju miwili kwa kila sehemu, yaani 18. Aandike alichopata, na wiki ijayo arudi kwenye sehemu zile zile. Wakicheza wawili kwa dau la soda, ni bora zaidi.

Wachezaji wanaosafiri wakumbuke na hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mpira huko huruka kama asilimia 6 zaidi. Fimbo iliyokupa mita 150 Muthaiga, Nairobi, itakupa takriban 141 Nyali, pwani, hata kabla ya kuhesabu upepo wa baharini. Umbali upimwe upya kila mtu anapobadilisha mwinuko.

Viongozi wa klabu waliomo ukumbini wanaombwa mambo mawili. Wafungue grini ya mazoezi na banka moja kwa makedi na watoto wa jirani kwa saa maalumu kila wiki, kwa kuwa vipaji vingi vya ukanda huu vimetokea huko huko. Na wamkabidhi mwalimu wa klabu daftari la kawaida lenye safu tatu, jina, tarehe na alama ya mchezo wa sehemu tisa, likae mezani pale mipira inapouzwa, ili kila anayenunua ndoo aulizwe kwanza wiki iliyopita alipata ngapi.